Pua ya Shrike

Norris Tunnicliffe alimchukia Imogen Sallis tangu asubuhi ile alipomwona akiingia kwenye karakana ya magari ya Penrick na viatu vyake safi, na hakuona sababu ya kuficha. Norris alikuwa mkuu wa mafundi bodi. Alikuwa mtu wa Coventry, mji wa viwanda vya magari huko Uingereza, mtoto wa fundi bodi na mjukuu wa fundi bodi, na kila gari la kasi aina ya Shrike lililosimama mle ndani lilikuwa limepita mikononi mwake, bati la alumini likigongwa kidogo kidogo juu ya kiunzi cha mbao mpaka mbavu zikae zinavyotakiwa kukaa. Imogen alikuwa mhandisi, ametoka chuo kikuu na kupitia kiwanda kimoja kikubwa. Kazi aliyoletewa ni moja tu: kuhakikisha gari likigonga halimuui aliyemo ndani.

"Halimuui aliyemo ndani!" Norris aliwaambia wenzake saa ya chai. "Gari linakimbia kuliko ndege ndogo, halafu wametuletea yaya."

Wenzake walicheka. Mle karakana Norris akitania ulicheka, la sivyo siku hiyo ulipewa kazi ya kupiga msasa hadi jioni.

Ila hali haikuwa ya kucheka. Mwaka ule wa tisini na mbili matajiri waliokuwa wakigombania magari ya aina hiyo walikuwa wameyeyuka, na waliobaki walitaka kitu kimoja: gari lenye kibali cha serikali cha kutembea barabarani. Kibali hakitoki mpaka gari moja zima ligongeshwe ukutani mbele ya wakaguzi. Viwanda vikubwa vinavunja magari kama mpishi anavyovunja mayai. Penrick walikuwa na moja tu la kuvunja. Likifaulu, kazi zipo. Likishindwa, lango linafungwa na kila mtu arudi kwao akamweleze mkewe. Hilo alilijua hata yule mama aliyeuza mikate ya bekoni pale nje.

Imogen alichagua Shrike ya fedha, ile iliyokuwa imekamilika kuliko zote. Norris alitaka kulia.

"Chukua lile la mwanzo," alimwambia. "Lile lenye milango mibaya. Hili ni zuri, binti. Angalia hapa ubavuni, pitisha mkono. Unaona popote nyundo ilipopita?"

"Nimepitisha mkono. Ni zuri." Imogen hakuinua macho kwenye michoro yake. "Ndiyo maana linafaa. Wakaguzi wanataka gari lile lile atakalouziwa mteja."

"Wewe huna roho."

"Nina roho, Mzee Norris. Sina gari la pili."

Pale Penrick palikuwa na desturi ya zamani, waliyoirithi kwenye karakana za baba zao. Kabla bawa la mbele, lile bati linalofunika gurudumu, halijafungwa, kila fundi aliyeligusa alichukua msumari akachora herufi za jina lake upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari asingepaona kamwe. Shrike ya fedha ilikuwa na herufi zao wote, za Norris zikiwa juu kabisa. Kila alipofikiri kwamba jina lake litakwenda kubamizwa kwenye ukuta wa zege, na waandishi wa habari wamesimama na kamera, aliitupa nyundo mezani.

Kisha ikaja habari ya pua.

Shrike ilikuwa na mihimili miwili ya chuma chembamba, inatoka chini ya miguu ya dereva inakwenda mpaka mwisho wa pua. Imogen aliagiza itobolewe matundu na kuchongwa mabonde mafupi mafupi, ili siku ya kugonga ijikunje. Norris aliushika mhimili uliotobolewa, akautingisha mbele ya watu wote kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Hiki ni nini?"

"Pua," Imogen alisema.

"Hiki ni chujio la chai. Nikikiegemea kinavunjika."

"Ukikiegemea hakivunjiki. Kikigonga ukuta kinakunjika, na ndicho ninachotaka. Pua ikikunjika inakula kishindo. Isipokunjika, kishindo kinapita, kinamfuata mtu ndani."

"Binti, mimi nimeanza kupiga bati wewe hujazaliwa wala hujafikiriwa. Gari linalojikunja ni gari bovu. Hiyo haihitaji chuo."

"Sijasema gari. Nimesema pua."

"Na pua ni ya nani? Ya ng'ombe?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Imogen alingoja kiishe. Alikuwa mwembamba, na mashavu yake yaliwiva haraka akikasirika, lakini sauti haikutetemeka.

"Mzee Norris, wewe unajua kupiga bati. Basi piga bati. Siku nikitaka ushauri wa namna ya kuua watu, nitakuita."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alizima redio. Norris alisimama na ule mhimili mkononi, masikio yakimwaka, na katika maisha yake yote hakukumbuka kuvuliwa nguo hivyo mbele ya watu wake. Alitoka akapanda ngazi hadi ofisini kwa mwenye kampuni.

Hugh Penrick alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita mbwa kutoka mbali. Alimsikiliza kwa muda mfupi.

"Mchoro wa Imogen ndio mchoro," alisema. "Kaujenge."

"Tutaaibika, bosi. Litajikunja mbele ya magazeti."

"Norris, mkiendelea kunichosha ninyi wawili nitawafunga mikanda humo ndani mgongwe nalo. Toka."

Alitoka. Lakini hakuwa ametii. Nani atii, yeye? Wiki nzima mafundi wake walimkwepa. Usifikiri alikuwa akipanga kumharibia Imogen, ingawa hilo nalo lingemfurahisha. Norris aliamini kwa moyo wake wote kwamba binti yule anakipeleka kiwanda kaburini, na kwamba mtu pekee wa kukiokoa ni yeye.

Jumamosi, wengine wakiwa mpirani, alimwita Gethin Prosser. Gethin alikuwa mchomeleaji, mtu mpole wa Wales, ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote. Norris alimwonyesha mabomba mawili ya chuma kizito, amekwisha kuyakata kwa kipimo.

"Hili linaingia ndani ya mhimili wa kushoto, na hili ndani ya ule wa kulia. Unachomelea mwisho na katikati, mimi napiga tupa na rangi, kisha bati la pua linafunika yote."

Gethin aliyatazama mabomba, akamtazama Norris. "Yule binti amesema likunjike."

"Yule binti amesema mengi."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Ana eksirei machoni? Wakaguzi watakuja kuona gari limegonga ukuta likasimama. Watatuvulia kofia. Watatupa kibali, na wewe utaendelea kulipa nyumba yako. Au unataka kurudi kwenu kuchunga kondoo?"

"Sisi hatukuwa na kondoo," Gethin alisema kwa unyonge. "Baba alikuwa anaendesha basi."

"Basi vaa miwani yako, mtoto wa dereva."

Walifanya kazi nzuri. Hapo ndipo roho inapouma, maana ilikuwa kazi nzuri mno. Norris alipomaliza kupaka rangi, hata yeye hakuweza kuona mahali pa kuungia. Aligonga pua kwa ngumi, ikajibu kwa sauti nzito. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze alikula chakula chake chote cha jioni, akaomba tena.

Siku ya kugongesha mvua ilinyesha tangu alfajiri. Uwanja wa majaribio ulikuwa nje ya mji, banda refu kama la ndege, na mwisho wake ukuta wa zege ambao magari yasiyohesabika yalikuwa yamefia. Mafundi wote walikuja na basi dogo la kukodi, wamevaa makoti yao mazuri. Hugh Penrick alikuwa akizunguka akiwashika mikono wakaguzi. Imogen alisimama peke yake kwenye uzio na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Ndani ya Shrike waliketisha sanamu la majaribio, wakalifunga mkanda na kuliwekea mikono kwenye usukani. Lilikuwa na uso wa rangi ya ngozi usio na macho.

Kengele ililia. Kamba ya chuma chini ya sakafu ikaanza kuvuta, na gari la fedha likaondoka bila sauti ya injini, likishika kasi, zuri kupita kiasi. Norris alifumba macho.

Kishindo kilimpiga kifuani. Vioo vilimwagika sakafuni. Alipofumbua macho, vumbi lilikuwa likitua, na Shrike ilikuwa imesimama mbele ya ukuta na pua yake. Pua ilikuwepo! Bampa limepasuka, taa zimekwenda, bati limejikunja kidogo pembeni, lakini umbo lote lilikuwa pale pale, hata mtoto angelitambua.

Mafundi bodi walilipuka. Waliruka, walikumbatiana, mmoja alirusha kofia ikanasa kwenye taa. "Ukuta ndio umeumia!" mtu alipiga kelele. "Mwulizeni ukuta hali yake!" Kamera zilimulika. Hugh Penrick alimpiga Norris mgongoni kwa nguvu hata akakohoa, na Norris alikuwa analia wazi wazi, hajali. Akamgeukia Imogen pale kwenye uzio.

"Umeona, binti? Umeona mwenyewe kwa macho yako ya chuo?"

Imogen hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anaitazama pua, na uso wake ulikuwa umeisha damu.

"Haikukunjika," alisema. Akaweka kikombe chini, akaruka uzio.

Mlango wa Shrike haukufunguka. Wakaguzi wawili walileta nondo, wakaukwanyua. Norris alifika nyuma yao bado ana machozi ya furaha usoni, akachungulia.

Sakafu ya gari ilikuwa imeinuka. Mihimili ilikuwa imekataa kukunjika kule mbele, ikarudi nyuma mizima mizima kama fimbo mbili, ikasukuma kila kitu kilichokuwa mbele yake. Miguu ya sanamu haikuonekana. Usukani ulikuwa umeingia kifuani hadi mwisho, na kichwa kimelala juu ya dashibodi, uso ule usio na macho umeelekea mlangoni. Mkaguzi alipima kitu kwa utepe. Hakuhitaji kupima. Alitikisa kichwa kumwelekea Hugh Penrick, akaenda zake.

Kelele za mafundi zilikatika moja moja kadiri walivyofika na kuona. Gethin alivua kofia.

"Nileteeni msumeno," Imogen alisema.

Alikata pua mwenyewe. Cheche zilimrukia mikononi, wala hakuvaa glavu. Mhimili ulipofunguka, bomba lilionekana ndani yake, limekaa vizuri, kazi safi. Imogen alizima msumeno, akamtafuta Norris kwa macho mpaka akampata.

"Ni wewe."

"Nililiimarisha," Norris alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Limesimama. Kila mtu ameona limesimama."

"Ndiyo, gari umeliokoa. Mtu ndiye amekufa."

"Ni sanamu lile."

"Leo ni sanamu."

Penrick haikumaliza mwezi. Hapakuwa na gari jingine la kuvunja, na waliokuja kufunga lango hawakutaka kusikia habari za kulijenga. Shrike zilizokuwa tayari ziliuzwa moja moja kwa watu wa kukusanya magari, wenye njia zao za kupata vibali vya pekee. Hugh Penrick aliona haya kusema kwamba mafundi wake walimzunguka kwenye karakana yake mwenyewe. Aliwaambia waandishi kwamba hesabu za mhandisi zilikuwa na makosa. Norris alilisoma hilo gazetini akinywa chai, akalikunja gazeti. Wakati mafundi walipolirudia kwenye baa, kwamba msichana wa chuo ndiye aliyeiua Penrick, aliinua glasi akanywa. Hakusema uongo. Hakusema lolote, na ukimya wake huo ulitosha kummaliza binti wa watu, ambaye hakuna karakana ya magari iliyompa kazi tena katika nchi ile.

Picha ndiyo iliyobaki. Shrike ya fedha mbele ya ukuta, pua nzima, mafundi wanaruka nyuma yake. Miaka ilivyokwenda ilichapishwa kwenye vitabu, kwenye vikombe, kwenye fulana. Hakuna aliyepiga picha ya ndani. Watu ambao hawajawahi kushika nyundo waliitolea machozi, wakasimulia habari za enzi ambayo Mwingereza alijua kujenga gari. Magari yale machache yalipanda bei hadi ikawa aibu kuitaja. Kukawa na chama cha wenye Shrike, na kila Julai walikutana kwenye nyasi za jumba moja kubwa la mkoa wa Warwickshire, wakala mikate midogo ya tango na kutazamiana injini. Norris, aliyepita themanini sasa, aliletwa kila mwaka, akaketishwa kwenye kiti kivulini, watu wakapanga foleni apate kusaini picha. Alilipenda sana jambo hilo. Alisaini mpaka mkono ukaganda.

Kwa hiyo alipoinua macho Julai moja na kumkuta mwanamke mwenye mvi fupi amesimama mbele yake bila picha ya kusainiwa, alikasirika kabla hajamtambua.

"Bado uko hai," Imogen alisema.

"Na wewe bado una mdomo."

"Sikuja kukuamkia. Inuka. Lile jekundu pale, tia mkono chini ya pua."

"Nina miaka themanini na minne, mwanamke."

"Basi inama taratibu."

Kulikuwa na kitu kwenye ile sauti. Alichukua fimbo yake, akajikokota hadi kwenye gari jekundu, akapiga goti kwa shida. Mwenye gari, Tristram Boyle, katibu wa chama, mtu wa mashavu manene na kofia ya majani, alikuja mbio akitabasamu. Norris alitia mkono chini, akautafuta mhimili. Ndani ya matundu vidole vilikuta chuma. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukajibu kwa sauti nzito.

"Umeligundua!" Tristram alifurahi. "Tulitaka kukushtukiza jioni, Mzee. Sasa mabomba yapo kwenye Shrike zote. Tumeyatengeneza sawasawa na yale yako ya kwenye gari la picha, kama mafundi wako walivyotusimulia. Tunayaita Bomba la Norris."

"Nimewaandikia miaka yote hii," Imogen alisema. "Wananijibu kwamba hesabu zangu zinajulikana. Mimi hawanisikii. Wanakusikia wewe, na hilo ulilihakikisha mwenyewe."

Norris alibaki amepiga goti. Alikuwa anaogopa, na alijua anaogopa nini: ule uso uliolala juu ya dashibodi, ambao kwa miaka mingi alifaulu kuusahau. Kwenye kiti cha abiria cha gari jekundu mke wa Tristram alikuwa ameketi tayari kwa msafara wa mchana, anafunga mkanda.

"Yatoe," Norris alisema.

Tristram alicheka. "Mzee na unyenyekevu wake."

"Unyenyekevu gani, mpumbavu wewe? Yatoe! Yanaua mtu. Pua inatakiwa ikunjike, huyu mama alisema tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeharibu."

"Mzee, kuna picha. Ulimwengu mzima umeiona."

"Picha ilipigwa nje! Ndani mlichungulia? Mimi nilichungulia!"

Watu walianza kugeuka. Tabasamu la Tristram lilibaki pale pale, ila macho yalimwangalia Imogen kwa chuki, kisha yakamrudia mzee kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya zaidi. "Huyu mama amekusumbua," alisema. "Jua nalo kali. Jamani, mrudisheni Mzee kitini, mpeni maji."

Vijana wawili wa chama walimshika Norris makwapani, kwa adabu zote. Alipambana. Alimpiga mmoja kwa fimbo mguuni, na kijana akasema samahani, Mzee, kama vile ni yeye aliyekosa. Walimketisha, wakamwekea glasi ya maji mkononi. Mlangoni pa jumba mtu alipunga bendera, injini zikanguruma, na gari jekundu likaongoza, mengine nyuma yake, yakipita polepole mbele ya kiti kuelekea barabara nyembamba za mashambani.

Norris aliinuka tena. Aliinua fimbo, akalitukana gari la kwanza kwa nguvu zote zilizombakia. "Yatoeni! Simameni! Yatawaua!" Injini zilimeza sauti. Tristram alivua kofia ya majani, akampungia. Mkewe naye akapunga. Gari la pili lilipiga honi, la tatu likapiga honi ndefu, na watu kwenye nyasi wakaanza kumpigia makofi mzee wa watu anayewaaga kwa fimbo.

"Wanadhani nawasalimia," alimwambia Imogen.

Imogen alisimama kando yake. Hakumshika mkono, na hakuwa na mpango wa kumsamehe.

"Endelea kupiga kelele," alisema. "Mengi hayajapita bado."